Mtoto hawekwi rehani: wasomaji wetu na riwaya ya Peponi



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, wiki hii safu yetu tumeitenga kwa ajili ya kuwajibu nyinyi wenyewe. Tangu tulipoitaja kwa mistari michache tu riwaya ya Peponi ya Abdulrazak Gurnah, tumepokea barua, simu na maneno ya ana kwa ana baada ya swala kuliko tulivyowahi kupokea kwa jambo lolote lisilokuwa mwandamo wa mwezi.

Mama mmoja ametuandikia kwamba alianza kuwasomea wanawe wawili waliobaleghe kurasa chache kila usiku baada ya Isha, na kufikia sura ya pili mumewe alikuwa amezima redio na kusogeza kiti. Mzee mmoja, mstaafu wa reli, ametueleza kwamba ameisoma mara mbili, na mara ya pili alikuwa na penseli mkononi. Kijana mmoja alinunua nakala akamwazima rafiki, rafiki akamwazima shangazi yake, na sasa kitabu hakijulikani kilipo. Anasema hakuhuzunika, alikwenda kununua kingine.

Si wote waliosifu. Ustadhi mmoja ametuuliza kwa upole kama inafaa gazeti la Waislamu kuwahimiza watu wasome hadithi za kubuni. Na mzee mwingine ametulaumu kwamba mwandishi huyu amewaanika wazee wetu wa pwani mbele ya walimwengu, nasi tunamshangilia. Wote wawili tutawajibu, inshallah. Kwanza tuwaeleze wale ambao bado hawajakishika kitabu chenyewe, wajue tunazungumza nini.

Mwandishi na kitabu chake

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa bado kijana mdogo, aliondoka kisiwani katika misukosuko iliyofuata Mapinduzi ya 1964, akaenda Uingereza. Hakuweza kurudi nyumbani hadi mwaka 1984, akajaaliwa kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee huyo hajafariki dunia. Huko ugenini alisoma, akafundisha fasihi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent, mjini Canterbury, na akawa anaandika riwaya moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilitoka mwaka 1987. Paradise, ambayo ndiyo Peponi yetu, ilikuwa ya nne. Ilitoka mwaka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya vitabu vilivyowania tuzo ya Booker mwaka huo. Oktoba 2021 mwandishi huyu akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Hapa pana jambo linalotufurahisha na kututia haya kwa pamoja. Mtu huyu lugha yake ya kuzaliwa ni Kiswahili, na watu wa riwaya yake, ukiwasikiliza vizuri, wanazungumza Kiswahili ndani ya Kiingereza. Hata hivyo ilipita miaka 28 kabla ya kitabu hicho kupatikana katika lugha hiyo. Ilikuwa mwaka 2022, baada ya Nobel, ndipo tafsiri ya Dkt. Ida Hadjivayanis, mhadhiri wa Kiswahili katika chuo cha SOAS mjini London, ilipochapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Msomaji wetu mmoja amelieleza jambo hili vizuri kuliko sisi. Anasema alipoisoma kwa Kiingereza alipokuwa masomoni, aliona hadithi ya watu wa mbali. Alipoisoma kwa Kiswahili alimsikia bibi yake.

Hadithi yenyewe kwa ufupi ni hii. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili anayeishi na wazazi wake Kawa, mji mdogo uliochipuka kwa sababu ya reli ya Wajerumani. Baba yake ana hoteli isiyokwenda vizuri. Mara kwa mara hufika mgeni tajiri kutoka pwani, Bwana Aziz, mwenye kanzu safi na sauti ya upole, ambaye Yusuf amefundishwa kumwita kwa jina la ukoo kana kwamba ni ndugu wa baba yake. Kila anapoondoka humwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa kwamba atafuatana na mgeni huyo kwa matembezi ya muda mfupi. Wanapanda treni. Kumbe hakuna matembezi. Anapofika pwani anakabidhiwa kwa kijana mwingine, Khalil, mwuzaji wa duka la tajiri, na ni Khalil anayemfumbua macho: huyu si ndugu wa baba yako, baba yako anadaiwa, na wewe umetolewa rehani. Khalil mwenyewe aliletwa kwa njia hiyo hiyo.

Yaliyobaki, yaani bustani yenye ukuta na maji yapitayo, mke wa tajiri asiyeonekana na watu, safari ndefu ya kwenda bara hadi ng'ambo ya ziwa, na kivuli cha vita vya mwaka 1914 kinachokaribia, hayo tunamwachia msomaji. Wapo waliotuomba tuwaeleze maana ya mwisho wake. Tumekataa, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuwadhulumu wengine.

Utamu wanaousimulia wasomaji

Katika barua zenu, mengi ni ya furaha tupu ya msomaji aliyejikuta nyumbani. Mwandishi hakutaja jina la mji wa pwani anakoishi Bwana Aziz, na hilo limezusha mabishano matamu. Wasomaji wa Tanga wanaapa kuwa ni Tanga. Wa Bagamoyo wanasema misafara ya bara haikuwa na mlango mwingine isipokuwa kwao. Mstaafu wetu wa reli amepiga hesabu zake akatukumbusha kwamba Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwamba kila kituo kilichofunguliwa kilikuwa msumari katika jeneza la biashara ya misafara. Mzigo wa pembe uliokuwa ukibebwa mabegani mwa mamia ya wapagazi kwa miezi sasa uliweza kusafiri kwa siku chache. Kwa hiyo, anasema, Bwana Aziz tunayemwona akifunga safari ni mtu anayefanya kazi ambayo wakati wake umekwisha, ila yeye hajaambiwa. Tumeona maelezo hayo yanafaa kuandikwa hapa, maana mengi tuliyoyasoma juu ya riwaya hii hayakutufungua macho kama penseli ya mzee huyu.

Wengine wameipenda zaidi ile safari ya bara: mnyapara mkali, vitambaa na shanga za kubadilishana, hongo kwa kila mtawala, maradhi, mvua na hofu. Sura hizo hazikutoka hewani. Wahakiki wameonyesha kwamba zina mwangwi wa maandishi ya Waswahili wenyewe, kama simulizi ya safari ya Selemani bin Mwenye Chande iliyomo katika mkusanyiko wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka 1901. Basi yatafakarini mapito ya habari hiyo. Ilisimuliwa kwa Kiswahili, ikalala katika maktaba za Ulaya, ikaamshwa kwa Kiingereza na mtoto wa Zanzibar, kisha ikarejea kwa Kiswahili mikononi mwa mama anayewasomea wanawe baada ya Isha. Ni safari ndefu kuliko ya Bwana Aziz.

Na karibu kila aliyetuandikia amemtaja Kalasinga, yule fundi mitambo wa Kisingasinga, rafiki wa Waislamu wa mji wa mlimani, anayetangaza kwamba ataifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Wenzake wanamcheka, kwa kuwa Kiarabu hakijui na Kiswahili chake kinachechemea; yeye anajibu kwamba ataifasiri kutoka Kiingereza. Tunacheka pamoja nao, lakini kicheko hicho kina uchungu kwa anayeijua historia. Tafsiri ya kwanza ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1923, na aliyeiandika ni Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyekuwa Zanzibar. Waislamu wa Sunni wa Afrika Mashariki tulingoja mpaka kazi kubwa ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyokamilika kuchapishwa mwaka 1969. Kalasinga ni mtu wa kubuni, lakini swali analoliuliza ni la kweli: kwa nini Waislamu hawa hawasomi kwa lugha wanayoielewa?

Yusuf wa Kawa na Nabii Yusuf (AS)

Wasomaji waliokaa madrasa hawakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba nyuma ya riwaya hii ipo Sura ya 12 ya Qur'ani. Kijana mzuri wa sura anaitwa Yusuf. Anaota ndoto. Anachukuliwa mbali na wazazi wake, anaingia katika nyumba ya mkubwa, na mkubwa huyo anaitwa Aziz, jina la cheo cha yule bwana wa Misri. Mke wa tajiri anaitwa Zulekha, jina ambalo Qur'ani haikulitaja lakini limo katika vitabu vya tafsiri na visa. Na kanzu iliyochanwa kwa nyuma nayo imo. Mwandishi aliyelelewa katika mji wa swala na kisomo hakuvisahau vitu hivyo alipokwenda Uingereza.

Hata hivyo mfanano huo usituzuie kuiona tofauti, kwa kuwa uzito wote wa kitabu umo ndani ya tofauti hiyo. Nabii Yusuf (AS) alitupwa kisimani na ndugu waliomhusudu, kisha akauzwa kwa thamani duni. Baba yake hakujua lililompata, akamlilia hadi akapoteza nuru ya macho. Yusuf wa Kawa alitolewa na baba yake mwenyewe. Baba huyu alijua. Alimsindikiza mwanawe mpaka stesheni.

Nabii Yusuf (AS) alikuwa na wahyi, na Mola wake akamtoa gerezani hadi kwenye hazina za nchi, akakutanishwa na wazazi wake. Yusuf wa riwaya ni mtoto wa kawaida kama hawa wetu. Hakuna aliyekuja kumkomboa, maana waliopaswa kuja walikuwa watu, nao hawakuja. Tunadhani ndiyo sababu mama mmoja ametuambia kwamba alikifunga kitabu akaenda kuwatazama wanawe walivyolala.

Jawabu kwa ustadhi

Ustadhi wetu mpendwa ameuliza kuhusu hadithi za kubuni. Swali lake si la kupuuzwa, kwa sababu uongo ni haramu na muda wa Muislamu ni amana. Tunasema kwamba uongo ni kumfanya mtu aamini kilichokuwa si kweli. Anayesoma riwaya anajua tangu ukurasa wa kwanza kuwa hii ni tamthili. Maulamaa wetu waliosoma lugha ya Kiarabu kwa kina wamezipitia Maqamat za al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, nazo ni visa vya kubuni vya mtu mjanja wa maneno. Ibn Tufayl wa Andalusia aliandika falsafa yake yote kwa kisa cha mtoto aliyekulia peke yake kisiwani. Wazee wetu wa pwani walilea watoto kwa tenzi na hekaya. Mizani, kwa hiyo, ni kile kisa kinachomwachia msomaji moyoni.

Ila tunasema pia bila kificho kwamba Peponi si kitabu cha watoto wadogo. Wapagazi na watu wa sokoni wanazungumza humo kama wanavyozungumza, na yamo mambo ya matamanio ambayo mzazi atapenda kuyapitia kwanza yeye. Kwa waliobaleghe, kusoma pamoja na mzazi ni bora kuliko kusoma kwa kujificha. Mama wa barua yetu ya kwanza anasema pana mahali aliruka aya mbili, na mwanawe mkubwa akamtazama kwa jicho la anayejua. Wakacheka, wakaendelea.

Jawabu kwa mzee aliyetulaumu

Mzee wetu naye ana maumivu yanayostahili heshima. Riwaya hii inawaonyesha watu wa pwani wakiwaita watu wa bara washenzi. Inamwonyesha mfanyabiashara anayeswali na kutoa sadaka, lakini anachukua watoto wa wadeni wake. Inamwonyesha Mzee Hamdani, mtunza bustani, aliyekuwa mtumwa na ambaye ameendelea kukaa katika nyumba ile ile hata baada ya kupewa uhuru. Mzee anauliza: mbona hatuandiki mazuri yetu?

Mazuri yamo. Wamo Hamid na Maimuna, mume na mke wa mji wa mlimani, wanaomkaribisha Yusuf nyumbani mwao, na tutarudi kwao punde. Lakini historia haifutiki kwa kunyamaziwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa kisiwani mwaka 1897, na huku Tanganyika sheria ya kuufuta haikuja hadi mwaka 1922, chini ya Waingereza. Tunazungumza juu ya miaka ambayo baadhi ya mababu zetu walikuwa hai, wengine wakiwa mabwana na wengine wakiwa watumwa, na leo wajukuu wao wanasimama safu moja nyuma ya imamu mmoja. Mwenyezi Mungu (SW) ametuamrisha katika Suratun-Nisaa tusimamie uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili Yake, hata kama ushahidi huo ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Anayesema kweli juu ya babu yake hajamvunjia heshima. Pengine amempunguzia mzigo.

Isitoshe, mwandishi hakuwaonea watu wa pwani peke yao. Mjerumani naye yumo, na mtawala wa bara anayewapora wasafiri yumo, na baba wa Kawa yumo. Kila mmoja ana nguvu juu ya aliye chini yake, na kila mmoja anaitumia.

Neno rehani

Sasa tufike kwenye neno ambalo tumeliona likirudi katika barua nyingi kuliko neno jingine lolote. Sheria yetu inaitambua rehani. Qur'ani imeitaja mwishoni mwa Suratul-Baqara, baada ya ile aya ndefu ya kuandikiana deni. Mtume wetu (SAW) alifariki dunia hali ya kuwa deraya yake ya vita iko rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa ajili ya shayiri aliyoichukua kuwalisha watu wa nyumbani kwake. Hebu lizingatieni hilo. Kiongozi wa umma mzima alikuwa na uhitaji wa chakula, akatoa chuma. Hakutoa mtu.

Fuqahaa wamelieleza jambo hili bila utata. Kitu cha rehani lazima kiwe mali inayofaa kuuzwa, ili mdeni akishindwa kulipa, mdai apate haki yake kutokana na thamani yake. Mtu huru si mali. Hauzwi, basi hawekwi rehani. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, Allah (SW) amejitangaza kuwa mgomvi, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemuuza aliye huru akala thamani yake, na katika hadithi hiyo hiyo amemtaja aliyemwajiri mfanyakazi, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Makosa hayo mawili yamewekwa pamoja. Na kwa mdeni aliye katika dhiki, Qur'ani imeamrisha apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi.

Kwa hiyo Bwana Aziz, pamoja na tasbihi yake, hakuwa na hoja mbele ya kadhi yeyote mwadilifu. Aliweza kufanya alilolifanya kwa sababu jambo halikuitwa kwa jina lake. Aliitwa ndugu wa baba. Safari iliitwa matembezi. Mtoto aliitwa mgeni, kisha msaidizi wa duka. Udugu ulitandazwa juu ya deni kama kitambaa kizuri juu ya meza mbovu.

Wasomaji watatu, bila kujuana, wametuuliza swali moja: je, mambo haya yamekwisha?

Daftari la madrasa

Katika riwaya kipo kipande kinachotuuma sisi tunaoshughulika na mambo ya msikiti kuliko vingine vyote. Yusuf amekwisha kaa muda mrefu katika nyumba ya tajiri wa Kiislamu. Amekua, amekuwa kijana. Anapelekwa kukaa kwa Hamid na Maimuna, na huko ndiko inakogundulika kwamba hawezi kusoma Qur'ani. Wenyeji wake wanashtuka. Tajiri yule alimpa chakula, malazi na kazi, na hakuna aliyewahi kuuliza kama mtoto huyu amefundishwa kitabu cha Mola wake. Hamid anampeleka chuoni akakae pamoja na watoto wadogo, naye, kwa aibu yake yote, anajifunza.

Tukiwa watu wa kuweka kumbukumbu, tumelisoma daftari la madrasa yetu baada ya kukisoma kipande hicho. Yamo majina ya watoto wa nyumba nyingi za mtaa. Halafu tumetazama barazani wakati wa masomo. Yupo msichana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne aliyewaleta wadogo, amewabebea juzuu na chupa za maji, ameketi nje karibu na viatu akisubiri wamalize. Jina lake halimo. Ukiuliza ni nani, unaambiwa, huyu ni mtoto wa ndugu yetu kutoka kijijini, tunamsaidia. Anaamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Wenye nyumba anawaita mama na baba, au mjomba na shangazi. Wazazi wake waliahidiwa kuwa atasomeshwa.

Hatusemi kwamba kila nyumba inayolea mtoto wa ndugu ina dhulma. Kulea wa ukoo ni ibada, na wengi wetu tumelelewa hivyo na kuinuliwa kwayo. Tunasema udugu una alama zake. Mtoto wa ndugu hula katika sinia moja na watoto wa nyumba. Huenda shule wanapokwenda wao, na jina lake huandikwa madrasa. Hurudi kwao kuwasalimu wazazi, na huweza kusema amechoka. Alama hizo zikikosekana, basi huyo ni mfanyakazi, na kama ni mfanyakazi ana haki ya umri, mapatano, mapumziko na ujira. Na kama hana hata hivyo, jina lake tunalijua. Khalil alikwisha litaja.

Na upande wa pili upo mlango wa deni. Wazazi wa Kawa hawakuwa watu wabaya. Walizidiwa. Leo katika mitaa yetu mikopo ya kausha damu inaingia nyumba hadi nyumba, na tumeona vitanda, majiko na simu vikichukuliwa asubuhi mbele ya watoto. Mzazi aliyezidiwa huanza kuona kila kilichomo ndani kama kitu cha kulipia. Binti anaachishwa shule aende mjini kwa mtu atakayetuma fedha kila mwezi. Hakuna anayetamka neno rehani, lakini mshahara unakwenda moja kwa moja kwa mdai, na mtoto hajui deni litakwisha lini. Jamaa wa msikiti mmoja hatuwezi kuswali bega kwa bega na mtu wa namna hiyo miezi sita bila ya kujua kuwa anazama. Zaka ina fungu la wenye madeni, nalo limetajwa katika Qur'ani yenyewe. Wanaostahiki wasione haya kuja, na wenye uwezo wasingoje kuombwa.

Tufanye nini na furaha hii?

Kamati yetu imekubaliana na mambo mawili madogo. La kwanza, nakala za Peponi zitawekwa katika kabati la vitabu pamoja na vitabu vya sira na historia, kwa kuazimwa na wazazi na vijana waliobaleghe, na kila aazimaye aandike jina, tusije tukapotelewa kama yule kijana wetu. La pili, kuanzia muhula huu madrasa itamwandikisha kila mtoto anayefika mlangoni, awe ameletwa kusoma au amewaleta wengine. Msichana aliyeketi karibu na viatu ataitwa ndani, aulizwe jina lake, na apewe juzuu. Ada yake isiwe kisingizio; tutaichangia.

Tunawaomba wasomaji wa miji mingine wafikirie kufanya kama hivyo, na watuandikie. Tunawaomba pia wale walioipenda riwaya hii wasiishie kumpenda mwandishi. Abdulrazak Gurnah amekwisha pata tuzo yake. Yusuf ni mtu wa karatasi, huzuni yetu juu yake haimfai kitu. Aliye barazani ana masikio na anasikia wenzake wakisoma.

Mwenyezi Mungu (SW) awalipie wenye madeni madeni yao, awalinde watoto wetu na watoto wa wenzetu walio mikononi mwetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia maneno wakafuata yaliyo mema zaidi. Wabillahi tawfiq.